Gemu za Kiporo Hazina Bodi ya Ligi

Saa tatu usiku, watoto wamelala na vyombo vimeshaoshwa. Mtu mzima mwenye kazi yake anavuta kiti, anawasha kompyuta na kufungua maktaba yake ya gemu. Kava zinajipanga safu kwa safu mpaka chini ya kioo. Anateremka taratibu. Hii aliinunua wakati wa punguzo la bei, ile alipewa bure, ile nyingine rafiki yake aliisifia, naye akaapa kuianza wikiendi hiyohiyo, miaka mitatu iliyopita. Anasoma maelezo ya moja, anatazama video fupi ya nyingine, anaanza kupakua ya tatu kisha anaikatiza kwa kuwa ni kubwa mno. Saa nne kasoro dakika tano bado hajacheza chochote. Mwishowe anafungua ileile anayoweza kuicheza akiwa amefumba macho, anapiga raundi mbili, anazima. Anaingia kitandani kama mtu aliyeshinda sokoni kutwa nzima akarudi na kapu tupu.

Rundo la gemu zilizonunuliwa na kuachwa lina majina katika lugha nyingi. Wajapani huliita tsumige, neno lililoungwa kutokana na kitenzi cha kurundika na neno gemu. Kiswahili nacho kina neno ambalo ni kama lilikuwa linaisubiri kazi hii: kiporo. Kiporo ni wali wa jana unaopashwa moto asubuhi na kuliwa kwa chai. Kwa wasomaji wa kurasa za michezo Tanzania, kiporo pia ni mechi ya ligi iliyoahirishwa kwa sababu Simba au Yanga walikuwa na safari ya mashindano ya Afrika. Wenzao wanasonga kwenye msimamo, wao wanabaki na viporo vyao mkononi.

Maana zote mbili zinaufaa ugonjwa huu wa maktaba, ila ile ya mpira ndiyo iliyowaponza wachezaji. Kiporo cha ligi ni deni. Bodi ya Ligi itakipangia tarehe, timu ipende isipende. Kiporo cha gemu hakina bodi, hakina ratiba wala msimamo, na hakuna anayekidai. Hata hivyo wapo watu timamu wanaozizungumzia gemu walizozinunua kwa raha zao kwa sauti ileile wanayoitumia kuzungumzia mikopo ya benki. Wanahesabu zilizobaki. Wanajinyima mpya mpaka "walipe" za zamani. Wanamaliza gemu isiyowafurahisha tena ili tu waikate kwenye orodha. Hesabu hiyo ya deni ndiyo inayoharibu uchaguzi, na mpangilio wowote utakaoanzia kwenye rundo badala ya usiku wenyewe utaishia kwenye kapu tupu.

Rundo lenyewe halikuletwa na uvivu. Mtoto aliyekuwa na PlayStation 2 na diski tatu hakuwa na viporo; alizimaliza zote, akazirudia, akabadilishana na jirani. Mambo yalianza kubadilika pale duka lilipohamia ndani ya mashine. Kampuni ya Valve ya Marekani ilizindua Steam tarehe 12 Septemba 2003, mwanzoni kama njia ya kusasisha gemu zake, na mwaka uliofuata aliyetaka kucheza Half-Life 2 alilazimika kuwa na akaunti ya Steam. Taratibu likawa duka la gemu za kampuni nyingine, na yakaja mapunguzo makubwa ya kila msimu ambapo gemu ya dola 40 huonekana kwa dola 8 na mkono ukabonyeza kabla ya kichwa kuuliza lini itachezwa. Mei 2010 kikaja kifurushi cha kwanza cha Humble: mtu analipa kiasi apendacho, anapata gemu kadhaa kwa mkupuo. Aliitaka World of Goo, akarudi nyumbani na nne zaidi ambazo hakuwahi kuzisikia.

Baadaye hata kununua kukawa si lazima. Duka la Epic, lililofunguliwa Desemba 2018, likaanza kugawa gemu bure, na lilipoigawa Grand Theft Auto V Mei 2020 watu walifurika kiasi cha kulizidi nguvu duka lenyewe kwa saa kadhaa. Microsoft nayo ilikuwa imeshaanzisha Game Pass Juni 2017, ada moja ya mwezi na mlango wa gemu mamia. Na mwaka huohuo wa 2017 Valve ililegeza masharti, ikaruhusu karibu kila mtengenezaji kuweka gemu yake sokoni kwa ada ya dola 100. Mwaka 2024 peke yake zilitoka gemu zaidi ya 18,000 kwenye Steam. Hiyo ni karibu 50 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Aprili 2014, kabla hata ya mafuriko hayo, jarida la Ars Technica lilikusanya takwimu kutoka akaunti za wazi za Steam na kukadiria kuwa kiasi cha asilimia 37 ya gemu zote zilizomo kwenye akaunti hizo hazikuwahi kufunguliwa hata mara moja. Zaidi ya theluthi ya sufuria haijafunuliwa mfuniko.

Ila takwimu inayostahili kukatwa na kubandikwa ukutani ni ile ambayo Valve yenyewe iliitoa mwisho wa mwaka 2024. Ukiwapanga wachezaji wote wa Steam mstari mmoja kwa idadi ya gemu walizogusa mwaka huo, yule aliyesimama katikati aligusa nne. Nne, katika mwaka ambao dukani ziliongezeka zaidi ya 18,000. Muda uliotumika kwenye gemu zilizotoka mwaka huohuo ulikuwa asilimia 15 tu ya muda wote. Gemu zenye umri wa miaka minane na kuendelea zilichukua asilimia 37.

Kwa hiyo yule mtu wa mwanzo, aliyefungua gemu ya zamani akapiga raundi mbili akalala, hana kasoro. Hivyo ndivyo walimwengu wanavyocheza. Ukipita baraza za Zanzibar utawakuta wazee wanaocheza bao lilelile, mashimo 32 na kete 64, tangu ujana wao, na hakuna anayewauliza kwa nini hawajahamia mchezo mwingine. Mwenye Counter-Strike yake au Dota 2 yake ya kila usiku yuko kwenye baraza lake. Tatizo lake si kwamba amerudia. Ni ile saa nzima aliyoipoteza akijihukumu kabla ya kurudia.

Mtu akitaka kuachana na hukumu hiyo, aanze na hesabu ya saa, hesabu ambayo wachezaji wengi hawajawahi kuifanya kwa uaminifu. Tangu mwaka 2011 ipo hifadhi iitwayo HowLongToBeat ambamo wachezaji wenyewe huandika gemu ziliwachukua muda gani. Kila gemu ina vipimo kadhaa: hadithi kuu peke yake, hadithi pamoja na nyongeza, na kipimo cha yule asiyeacha jiwe lolote bila kuligeuza. Portal ya mwaka 2007 ni saa tatu hivi. The Witcher 3 ya mwaka 2015 ni kama saa 50 kwa anayefuata hadithi tu. Baldur's Gate 3, iliyotoka Agosti 2023, kwa mchezaji anayesimama kuongea na kila mtu njiani hupita saa 100, na The Legend of Zelda: Tears of the Kingdom, ya Mei mwaka huohuo, ikichezwa kwa mtindo huo nayo hupita hapo.

Sasa mchukue mtu mwenye saa moja kwa usiku, siku tano za juma. Hizo ni saa 260 kwa mwaka. Baldur's Gate 3 itamla majuma 20. Zelda itamla majuma mengine 20. Mwaka una majuma 52. Gemu mbili zimemaliza majuma 40, na hapo hajaumwa, hajasafiri kwenda msibani, mtoto hajaota meno. Mwaka huohuo wa 2023 zilitoka pia Final Fantasy XVI mwezi Juni, Starfield mwezi Septemba, Alan Wake 2 mwezi Oktoba, na Marvel's Spider-Man 2 na Super Mario Bros. Wonder, hizi mbili siku moja, tarehe 20 Oktoba. Hakuna mtu mwenye kazi na familia aliyeweza kuzicheza zote. Aliyejaribu alizionja tu. Hakuzembea; saa hazikuwepo.

Ukishaiona hesabu hiyo, mbinu nyingi za kupanga viporo zinaanza kuonekana kwa sura nyingine. Wako wanaotengeneza jedwali la Excel lenye safu ya jina, mwaka, saa, alama walizotoa wahakiki, na rangi ya kijani kwa zilizokwisha. Wako wanaotumia Backloggery, ambako kila gemu hupewa hadhi yake, kuanzia isiyoguswa hadi iliyomalizwa kabisa, na kuna kitufe cha kukuchagulia moja kwa bahati nasibu. Steam nayo humruhusu mtu kupanga gemu zake kwenye makabati, na tangu Oktoba 2019 kuna makabati yanayojijaza yenyewe kwa vigezo anavyoviweka: za mbio, za watu wawili, zisizochezwa. Mwaka 2020 Valve ilijaribu hata rafu inayopendekeza, miongoni mwa gemu ulizonazo tayari, ipi uianze.

Vifaa hivi ni vizuri na waliovitengeneza wamewafaa watu. Hatari yake ni kwamba kupanga kuna utamu wake. Jumamosi nzima inaweza kwisha mtu akipaka rangi jedwali, na jioni akajisikia amefanya jambo la gemu ilhali hajashika pedi. Halafu orodha ndefu inayoonekana kila siku inafanya kazi ya mwenye nyumba anayebisha hodi mwisho wa mwezi. Kinachohitajika zaidi kwenye vifaa hivyo ni sehemu ambazo watu hawazitumii. HowLongToBeat ina kabati la gemu zilizostaafishwa: ulianza, ukaona inatosha, umeipa kiinua mgongo na shukrani. Steam ina amri ya kuficha gemu isionekane kabisa kwenye maktaba. Ni mibofyo miwili tu. Mchezaji aliyeficha gemu 150 kwa usiku mmoja hajapoteza kitu, bado zimo, lakini kesho yake anafungua maktaba inayoenea machoni pake.

Kinachowazuia watu kuficha ni pesa. Fedha ilishatoka, basi lazima iliwe. Fikra hiyo inaeleweka hasa kwa mtu wa Dar es Salaam au Nairobi anayeigeuza dola kuwa shilingi kabla ya kubonyeza. Lakini pesa hairudi kwa kuongeza juu yake saa 30 za uchovu. Na wakati wa kuilinda upo, ila ni mapema zaidi: tangu Juni 2015 Steam hurudisha fedha kwa gemu iliyonunuliwa ndani ya siku 14 na kuchezwa chini ya saa mbili. Anayenunua na kuifungua jioni hiyohiyo ana nafasi ya kugundua haimfai. Anayeiweka kiporo ameitupa haki hiyo. Ajuaye hili hanunui wakati wa punguzo gemu asiyokusudia kuigusa ndani ya wiki mbili, maana punguzo litarudi msimu ujao kama mvua za vuli.

Jambo jingine linalopaswa kuitikisa fikra ya mali ni kwamba, kisheria, gemu hizo si mali kama diski ilivyokuwa mali. Septemba 2024 jimbo la California lilipitisha sheria inayozuia maduka ya mtandaoni kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni leseni. Mwezi uliofuata Steam ikaanza kuliandika hilo kwenye ukurasa wa malipo.

Kama gemu si mali, swali linalobaki ni ipi ichezwe lini, na hapa ndipo maana ya jikoni ya kiporo inapokuwa mwalimu bora kuliko ile ya mpira. Kila mpishi anajua kuwa viporo havifanani. Kuna maharage ya nazi yanayokuwa matamu zaidi siku ya pili, viungo vikishaingia. Na kuna chakula kisichofika asubuhi bila kuchacha.

Cyberpunk 2077 ilitoka tarehe 10 Desemba 2020 ikiwa na hitilafu nyingi kiasi kwamba wiki moja baadaye Sony iliiondoa kwenye duka la PlayStation, ikarudi Juni 2021. Aliyeikimbilia siku ya kwanza kwenye PlayStation 4 alikutana na picha zinazokwama na watu wanaopita ukutani. Aliyeisahau kwenye kabati mpaka lilipokuja sasisho kubwa la Septemba 2023 aliipata gemu nyingine kabisa. No Man's Sky, ya Agosti 2016, imepikwa upya kwa masasisho ya bure mwaka hadi mwaka. Gemu kubwa ya mchezaji mmoja haina haja ya kufukuziwa. Ikikaa mwaka au miwili inarekebishwa, inashuka bei, na mara nyingi inakuja na nyongeza zake zote ndani. Hicho ni kiporo cha maharage.

Kinachochacha ni gemu inayoishi kwenye seva. Concord ya Sony ilitoka tarehe 23 Agosti 2024 na kuzimwa tarehe 6 Septemba, wiki mbili kamili, wanunuzi wakarudishiwa fedha zao. The Crew ya Ubisoft, gemu ya magari iliyotoka mwaka 2014, ilizimwa seva zake tarehe 31 Machi 2024, na kwa kuwa haikuweza kuchezwa bila mtandao, wenye diski mkononi walibaki na kipande cha plastiki. Hata zisizozimwa huzeeka kwa namna nyingine: wachezaji huhama, anayechelewa hukuta uwanja mtupu au wamebaki mafundi watupu wa kumfunga. Vivyo hivyo kwa gemu zilizomo kwenye huduma za ada ya mwezi, ambazo hutangaziwa tarehe ya kuondoka. Mwenye viporo kumi na anashindwa kuamua aangalie kwanza kipi kinanuka uchachu. Kama kuna gemu ambayo rafiki zake wanaicheza mwezi huu, hiyo ndiyo ya mwezi huu. Mwakani gemu itakuwepo. Watu ndio hawatakuwepo.

Baada ya hapo huja swali la usiku wenyewe, na hili ndilo linalosahauliwa sana kwenye majedwali. Jedwali linauliza gemu ni nzuri kiasi gani. Haliulizi mchezaji amechoka kiasi gani. Mtu aliyetoka kwenye foleni ya saa mbili na kichwa kinachogonga hawezi kuanza gemu ya kupanga majeshi yenye somo la utangulizi la dakika 50, hata kama iliandikwa kuwa gemu bora ya muongo. Usiku huo unataka kitu kama Vampire Survivors, raundi ya dakika 30 ikiisha imeisha, au Balatro ya mwaka 2024, mizunguko michache ya karata kabla ya kulala. Jumapili mchana yenye mvua inataka kitu kingine. Kwa hiyo kabati lililopangwa kwa aina, za kivita huku na za mafumbo kule, linamsaidia mwenye duka. Mchezaji anasaidiwa zaidi na makabati matatu yenye majina ya hali zake: dakika ishirini, usiku wa kawaida, siku ya mapumziko.

Lipo pia tatizo la kurudi, ambalo huua gemu nyingi kuliko ubaya wake. Mtu yuko katikati ya hadithi ya saa 60, anasafiri wiki tatu, anarudi. Anafungua. Mhusika amesimama pangoni mbele ya mlango, mfukoni ana funguo mbili na barua, na hakuna anayekumbuka barua ni ya nani. Vidole vimesahau kitufe cha kukwepa. Anakufa mara tatu, anazima, na gemu hiyo haifunguliwi tena. Watengenezaji wachache wamewahurumia watu wa aina hii: Dragon Quest XI humsimulia mchezaji alipofikia kila anapofungua, na Pokémon FireRed na LeafGreen za mwaka 2004 zilimwonyesha matukio yake ya mwisho kabla ya kuendelea. Mashine nazo zimesaidia. Xbox za mwaka 2020 huweza kurudisha gemu papo hapo pale ilipoachwa, na Steam Deck, iliyotoka Februari 2022, hulala na kuamka kwa kitufe kimoja kama simu, ikampa mzazi uwezo wa kucheza dakika 15 na kuiweka chini mtoto akilia. Wengi walioinunua wanasema ndiyo iliyowalia viporo vyao.

Mashine isiposaidia, daftari linasaidia. Mistari miwili baada ya kila kikao inatosha: niko wapi, natafuta nini. Na hekima ya kutokuwa na hadithi mbili ndefu kwa wakati mmoja ni ya kweli kabisa. Moja ndefu, na pembeni yake fupi au ya raundi. Mwenye tatu ndefu hana hata moja.

Kisha kuna mtego wa mfululizo. Mtu anatamani The Witcher 3, anaambiwa aanze na ya kwanza, ya mwaka 2007, apite ya pili, ya mwaka 2011. Anaanza ya kwanza kwa adabu zote. Mapigano yake ni ya kizamani, kamera inasumbua, na kwenye sura ya pili anachoka. Hafiki kamwe kwenye ile aliyoitaka. Uamuzi wa makala haya ni kwamba aanze na ile aliyoitamani. Akiipenda atarudi nyuma mwenyewe, akiwa na sababu ya kuvumilia kamera.

Lakini kwa wachezaji wengi wa Afrika Mashariki, hadithi ya maktaba iliyofurika ni ya mbali kidogo. Kwenye kibanda cha PS, pale kwenye benchi la mbao mbele ya televisheni iliyofungwa kwa nondo, hakuna anayekaa dakika 40 akichagua. Muda ni pesa na mwenye kibanda ana saa yake. Gemu ni ya mpira, ileile ambayo tangu Septemba 2023 inaitwa EA Sports FC lakini midomoni bado ni FIFA. Kinachochaguliwa ni mpinzani. Aliyefungwa anapisha, pedi inapokelewa ikiwa bado na joto la mikono ya mwenzake, na wa tatu kwenye foleni ameshachagua timu kichwani. Wapo pia wasiocheza siku hiyo, wamekuja kutazama tu na kutoa ushauri usioombwa.

Kwenye simu ni hivyohivyo kwa njia nyingine. Mwenye simu ya GB 32 anayetaka kuweka Call of Duty: Mobile lazima aamue kati ya kufuta eFootball na kufuta picha za harusi ya dada yake. Tena kuna bando: gemu ya GB kadhaa inasubiri usiku wa kifurushi cha bei nafuu au Wi-Fi ya kazini. Simu iliyojaa inamlazimisha kuchagua moja na kuimaliza hamu yake kabla ya kuleta nyingine.

Uhaba huo usisifiwe. Kijana wa kibandani amenyimwa mengi: gemu za hadithi ndefu zimempita, kwa sababu hakuna anayeweza kulipia saa 50 kwa vipande vya nusu saa huku faili lake likikaa kwenye mashine inayotumiwa na mtaa mzima. Angestahili kuzipata. Lakini kuna kitu anakijua ambacho mwenye gemu 600 amekisahau, nacho ni kuingia akijua yuko na nani, ana dakika ngapi, na anataka nini kutoka kwenye dakika hizo. Mwenye maktaba kubwa anaweza kujipa hali hiyo bila kuuza chochote. Aweke gemu tatu mbele, afiche zilizobaki, na asiongeze ya nne mpaka moja iwe imekwisha au imestaafishwa.

Turudi saa tatu usiku, kwenye kile kiti. Maktaba imefichwa karibu yote, zimebaki kava tatu. Ya kwanza ni hadithi ndefu ya wikiendi, na karatasi yake ya mistari miwili imebandikwa pembeni ya kioo. Ya pili ni ya kucheza na wale rafiki watatu wa Ijumaa. Ya tatu ni A Short Hike ya mwaka 2019, ya saa moja na nusu, iliyokaa humo miaka miwili tangu iliponunuliwa kwa punguzo. Leo ni Jumanne, mtu amechoka, kesho hana haja ya kuamka alfajiri sana. Anafungua ya tatu saa tatu na dakika mbili.

Ndani yake kuna ndege mdogo aitwaye Claire aliyekuja kisiwani kwa shangazi yake, na anasubiri simu muhimu, lakini huko chini mtandao haushiki. Anaambiwa kileleni huenda ukashika. Basi anapanda, akiokota manyoya ya dhahabu yanayompa nguvu ya kukwea, akisimama kuongea na wavuvi na wapanda milima, akipotea njia, akiruka kutoka kwenye jabali na kuelea juu ya miti. Saa nne na nusu theluji imeanza kuonekana, muziki umebadilika, imebaki miamba michache. Claire anafika juu, mtandao unashika, simu inaita.